Jina la Wapinga Chanjo Lilitoka Wapi

Miaka niliyofanya kazi ya chanjo katika zahanati za mkoa wa Tanga, mama aliyekosa kumleta mtoto tulimwita mtoro. Tulikuwa na orodha ya watoro, na kila mwisho wa mwezi mmoja wetu alipanda baiskeli, miaka ya baadaye pikipiki, akaenda kuwatafuta. Si jina la heshima, maana mtoro hasa ni mtoto wa shule anayejificha kwenye migomba, lakini ndani yake mlikuwa na matumaini, kwa sababu mtoro hutarajiwa kurudi. Hakuna aliyedhani mtoro ana ugomvi na sayansi. Alikuwa shambani, au msibani, au mto umefurika, au kadi ya kliniki imelowa akaogopa kufokewa.

"Mpinga chanjo" nimeanza kulisikia kila mahali wakati wa Korona, nikiwa nimeshastaafu. Kijana mmoja anayefanya kazi yangu ya zamani aliniambia juu ya kijiji fulani, "Bibi, kule wote ni wapinga chanjo." Nikamuuliza wanapinga ipi, na kwa sababu gani. Akanyamaza. Alishawapa jina, na jina likamtosha. Ndipo nikaingiwa na hamu ya kulifuatilia jina lenyewe: nani alilianza, na alikuwa akimwita nani.

Wengi hudhani limezaliwa na WhatsApp. La hasha. Mwaka 1812 daktari Mwingereza Edward Jenner, aliyeanzisha chanjo ya ndui, aliandika barua akilalamika kwamba watu aliowaita "anti-vacks" wanamwandama magazetini. Yaani mkato ule ule wanaouandika vijana wa Ulaya na Marekani kwenye simu zao, herufi mbili tatu tu zimebadilika, uliandikwa kwa unyoya na wino zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mkato huo asili yake ni "vacca", ng'ombe kwa Kilatini, kwa kuwa usaha alioutumia Jenner ulitokana na ndui ya ng'ombe. Ukilichimba neno hadi kwenye mzizi, Jenner alikuwa akiwalalamikia wapinga ng'ombe. Neno letu sisi halina ng'ombe. Chanjo ni kuchanja: wembe, ngozi, damu kidogo, dawa ikapakwa. Waganga wetu walikuwa wakichanja, na wachanjaji wa ndui walipokuja na vijisu vyao watu waliiona ni kazi ile ile, dawa nyingine.

Hao wapinga ng'ombe wa mwanzo walikuwa akina nani? Tarehe 14 Mei 1796, katika mji mdogo wa Berkeley, Jenner alimchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8, mwana wa mtunza bustani wake. Usaha aliutoa kwenye mkono wa mkamua maziwa, Sarah Nelmes, aliyeambukizwa na ng'ombe aitwaye Blossom. Wiki chache baadaye akamtia mtoto yule yule ndui halisi ili aone kama atadhurika. Hakudhurika. (Leo kamati ya maadili ingemnyang'anya leseni kabla ya jua kuzama.) Alipochapisha kitabu chake mwaka 1798, waliomrukia kwanza walikuwa madaktari wenzake. Benjamin Moseley wa London alionya kwamba kumtia binadamu uchafu wa mnyama kutaleta mambo yasiyojulikana, na mwaka 1802 mchoraji James Gillray akachora katuni ya watu waliochanjwa wakichomoza ng'ombe wadogo puani, mikononi na makalioni. Tunaicheka, lakini hofu hiyo ya kugeuzwa mnyama nimeisikia kwa masikio yangu, ila mnyama ndiye anabadilika. Na hao waliojadili haya waliishi na ndui mlangoni. Katika kila watu 10 walioipata, takribani 3 walikufa, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakapofuka.

Kuna kisa cha kabla ya Jenner ambacho hakisemwi vya kutosha. Mjini Boston, mtumwa Mwafrika aitwaye Onesimus alimweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao Afrika aliwahi kuchanjwa kwa usaha wa ndui yenyewe, akaugua kidogo, na tangu hapo hakuipata tena. Akamwonyesha kovu. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather akawasihi madaktari wajaribu. Aliyekubali ni mmoja, Zabdiel Boylston, aliyeanza na mwanawe mwenyewe. Alichanja watu takribani 240, wakafa 6. Kati ya waliougua ndui bila kuchanjwa, karibu 6,000, walikufa zaidi ya 800. Mpinzani mkubwa alikuwa William Douglass, daktari pekee mjini aliyekuwa na shahada ya udaktari, na moja ya hoja zake ilikuwa dharau: vipi watu wazima wafuate hadithi za Waafrika? Mwezi Novemba mtu akarusha bomu dirishani kwa Mather, bahati likakataa kulipuka. Sasa niambie, katika watu hao, mpinga sayansi alikuwa yupi? Mwenye shahada alikataa ushahidi. Mwenye ujuzi alikuwa mtumwa.

Hata hivyo, kwa Jenner na kwa Douglass ugomvi ulikuwa wa wasomi. Kilichoufanya uwe wa umati ni sheria. Mwaka 1853 Bunge la Uingereza lilipitisha kwamba kila mtoto katika England na Wales achanjwe ndui kabla ya kufikisha miezi 3, na mzazi anayekaidi atozwe faini. Mwaka 1867 sheria ikakazwa: faini inarudiwa na kurudiwa hadi mtoto achanjwe. Mwaka 1871 kila wilaya ikalazimishwa kuwa na ofisa wa kuwafuatilia wazazi.

Fikiria ilivyokuwa kwa mke wa kibarua wa kiwandani. Anampeleka mtoto kwenye kituo cha umma, mtoto anachanjwa kwa kisu sehemu nne za mkono. Siku ya nane lazima amrudishe, si kukaguliwa tu: kipele kikiwa kimejaa maji, mchanjaji anakipasua, anachukua yale maji, na pale pale anamchanjia mtoto mwingine. Mkono kwa mkono, ndivyo walivyoihifadhi chanjo, kwa kuwa hakuna jokofu. Tajiri alimwita daktari wake nyumbani na hakuyaona haya. Maskini akikataa anatozwa faini, asipokuwa nayo vyombo vyake vinatolewa nje na kupigwa mnada, visipotosha anafungwa.

Na mkono kwa mkono ilikuwa na madhara ya kweli. Mwaka 1861 katika mji wa Rivalta, Italia, watoto kadhaa waliambukizwa kaswende kwa njia hiyo, kwa kuwa mtoto aliyetolewa maji alikuwa nayo. Mama wa London aliyesema chanjo inaweza kumletea mwanawe ugonjwa mwingine hakuwa mjinga. Alikuwa amesema jambo ambalo wakubwa wa tiba walichelewa kulikiri. Walipoacha mkono kwa mkono, wakahamia kwenye maji yaliyotolewa kwa ndama na kuchanganywa na gliserini, ilikuwa tayari mwaka 1898.

Ndipo watu wakaungana. Vyama vikaundwa, majarida yakachapishwa, na kilele chake kikawa mji wa viwanda wa Leicester. Tarehe 23 Machi 1885 watu kati ya 80,000 na 100,000, kwa makadirio ya wakati huo, waliandamana mjini humo wakibeba jeneza la mtoto na sanamu ya Jenner iliyotiwa kitanzi. Mmoja wa watetezi wao wakuu wa miaka hiyo alikuwa Alfred Russel Wallace, yule aliyeifikia kivyake nadharia ya uteuzi asilia, kama alivyoifikia Charles Darwin. Mwanasayansi wa daraja la kwanza, mwenye majedwali ya takwimu, akaandika vijitabu kuthibitisha kwamba chanjo haina faida. Alikosea. Lakini jina "mpinga sayansi" ukimvisha Wallace, halimkai.

Leicester wana jambo jingine, na kwangu mimi niliyefanya kazi hii ndilo linalovutia kuliko maandamano yote. Hawakusema tu hapana. Walijenga utaratibu wao: mgonjwa wa ndui aripotiwe siku hiyo hiyo, apelekwe hospitali ya peke yake, nyumba isafishwe kwa dawa, na waliokaa naye wawekwe chini ya uangalizi. Madaktari wa nchi nzima walitabiri mji ule utateketea. Haukuteketea. Miaka 90 baadaye, mbinu za aina hiyo hiyo, kumtafuta mgonjwa, kumtenga, kuwazingira waliomgusa, zikiunganishwa na chanjo, ndizo zilizoifuta ndui duniani.

Serikali ya Uingereza ilisalimu amri kwa upole. Tume iliyoundwa mwaka 1889 ilikaa miaka 7 ikisikiliza mashahidi, ikahitimisha kwamba chanjo inazuia ndui lakini faini za kurudiarudia zikomeshwe. Sheria ya mwaka 1898 ikamruhusu mzazi kwenda mbele ya hakimu, kueleza kwamba dhamiri yake inamkataza, na kupewa cheti. Vyeti zaidi ya 200,000 vilitolewa mwaka ule ule. Hapo ndipo lilipopata nguvu ya sheria jina la mkataaji kwa sababu ya dhamiri. Wengi wanalijua kwa vita: vijana waliokataa kushika bunduki mwaka 1916, Uingereza ilipoanza kuandikisha watu jeshini kwa lazima. Kabla ya kuwa la askari, lilikuwa jina la baba na mama wenye mtoto mchanga. Kwa hiyo kitendo kimoja kilikuwa na majina mawili. Ukimwita mtu mpinga chanjo, ulishamhukumu. Ukimwita mkataaji kwa dhamiri, ulikuwa bado unamsikiliza.

Brazil walijifunza kwa damu ubaya wa kulazimisha. Novemba 1904, baada ya daktari Oswaldo Cruz, mkuu wa afya ya umma, kupata sheria ya kuchanja ndui kwa lazima, Rio de Janeiro iliwaka moto siku kadhaa, matramu yakapinduliwa, watu takribani 30 wakafa. Watu wale wale walikuwa wamebomolewa nyumba zao mji upanuliwe barabara, kisha wakaambiwa wafunue mikono. Lazima ikaondolewa, na mwaka 1908 ndui ikarudi na kuua maelfu.

Huku kwetu Afrika kisa ninachokitaja nikiulizwa ni cha Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa kulinganisha makundi mawili ya watoto, wote pamoja takribani 200. Walikufa 11. Kampuni ilisema ugonjwa ndio uliowaua, wazazi wakasema hawakuelezwa kuwa ni majaribio, kesi zikaenda miaka. Mwaka 2003 viongozi wa Kano waliposimamisha matone ya polio kwa karibu mwaka mzima, wakidai yana kitu cha kuwafanya wanawake wagumba, madai yalikuwa ya uongo. Lakini yaliota kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Virusi vilitoka Nigeria vikasambaa nchi nyingi, hadi Indonesia. Pakistan nako, mwaka 2011, majasusi wa Marekani wakimtafuta Osama bin Laden mjini Abbottabad walimtumia daktari kuendesha kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini. Tangu hapo wachanjaji wa polio wameuawa barabarani, wengi wao wanawake wenye sanduku la baridi begani, kazi yangu mimi hasa. Ikulu ya Marekani iliahidi mwaka 2014 kutorudia. Ahadi hiyo haikufuta kitu kijijini.

Na nyumbani? Februari 2021 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba haina mpango wa kupokea chanjo ya Korona. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Mzee aliyeyasikia yote mawili kwenye redio ile ile ndani ya miezi sita, akaona asubiri kwanza, ukimwita mpinga chanjo unamwonea. Yeye alimtii mkubwa wa mwisho aliyemsadiki.

Sisemi wapinga chanjo hawapo. Wapo, na ningependa jina libaki kwa ajili yao tu. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield alichapisha katika jarida la Lancet makala juu ya watoto 12, akihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Baadaye ikafichuka kwamba alikuwa amelipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji, na kwamba taarifa za watoto hazikulingana na mafaili yao. Makala ilifutwa mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Surua ilirudi kwenye miji iliyokuwa imeisahau. Huyo alijua anachofanya. Kumweka fungu moja na mama wa Muheza, mkoani kwetu Tanga, ni dhuluma kwa mama.

Nina mama mmoja kichwani ninaposema hivyo. Tulimfuata kwake msimu wa machungwa, magunia yamejaa barazani, mtoto wake wa pili ana miezi mitano na hajapata sindano hata moja. Kwenye karatasi yetu palikuwa na safu ya "amekataa", na mwenzangu alishatia alama. Nikaomba maji ya kunywa, nikakaa.

"Dada nesi, mimi sikatai," akasema. "Nataka uniambie ile sindano ya dada yake ilikuwa na nini."

Akamwita mkubwa, akampandisha gauni. Kwenye paja palikuwa na kovu la jipu lililopasuliwa, refu kama kidole changu. Mtoto alichomwa sindano, paja likavimba, akapasuliwa, na katika kituo alichopelekwa hakuna mtu aliyemweleza mama chochote zaidi ya kumwambia asilie.

Nilifungua sanduku la baridi. Nikampa bomba la sindano likiwa kwenye pakiti yake, nikamweleza kwamba hili likisukumwa mara moja linajifunga lenyewe, halivutiki tena, haliwezi kumgusa mtoto wa pili. Zamani tulichemsha mabomba ya kioo, na jiko likizima mapema ndipo majipu yalipotoka. Kisha nikampa chupa ya dawa. Kwenye lebo pana duara, na ndani ya duara pana kimraba. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, dawa ni nzima. Joto likiipiga kinazidi kuwa cheusi, na rangi zikishalingana tunaitupa. Akaigeuza chupa kwenye mwanga wa mlango, akaitazama muda mrefu kuliko mkaguzi yeyote wa wilaya niliyewahi kumwona. "Hiki cheupe," akasema. Kisha akamwita jirani yake naye aje atazame. Mtoto alichomwa, na wa jirani pia, ambaye kwenye orodha yetu hakuwemo.

Mwenzangu alifuta ile alama kwa mate. Karatasi haikuwa na safu ya "ameuliza".

Shirika la Afya Duniani liliweka kusitasita kuchanja miongoni mwa matishio 10 ya afya ya dunia mwaka 2019. Kusita ni neno bora kidogo, kwa sababu anayesita bado yuko mlangoni. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa msitaji wa aina hiyo, tena si mbali na sisi. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, kijana wa miaka 23. Watumishi wa hospitali walitakiwa kuchanjwa. Yeye alikwepa, na baadaye alieleza wazi kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Oktoba 1977 alipanda gari kuwaelekeza njia waliokuwa wakipeleka wagonjwa wa ndui kambini. Safari fupi tu. Siku chache baadaye akaanza homa, kisha vipele. Wafuatiliaji waliwatafuta watu 161 aliokuwa amekutana nao, na katika wiki mbili wakachanja zaidi ya watu 54,000 mjini humo. Alipona, hakumwambukiza yeyote, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Baadaye alijitolea kwenye kampeni za polio Somalia. Alipokutana na mzazi anayekataa matone hakumhubiria. Alimsimulia alivyougua yeye kwa kuikimbia sindano. Alikufa kwa malaria Julai 2013, hapo hapo Merca, akiwa kazini baada ya polio kuzuka tena nchini mwake.

Wakati huo malaria haikuwa na chanjo. Sasa inayo: Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, baada ya kujaribiwa Kenya, Ghana na Malawi. Wanawake wa mtaani kwangu wameshaanza kuniuliza. Wengine wanataka kujua itafika lini Tanga, wengine wanataka kujua imetengenezwa kwa nini. Hao wa pili nawakaribisha ndani.